Jinsi ya kuandika shairi la dhuluma na ukoloni ukiwa Nairobi: mwongozo kamili

Nenda kwenye ukumbi wowote wa ushairi jijini Nairobi jioni ya wikendi, ukae nyuma, usubiri maiki ifunguliwe. Kabla mtu wa tatu hajashuka jukwaani utakuwa umeshasikia "Afrika mama yangu", minyororo, damu, na wazungu waliokuja na Biblia mkononi. Watu watapiga vidole, watapiga na mayowe. Kesho yake mwulize aliyekuwapo akutajie mshororo mmoja tu, uone atakavyokuna kichwa. Hasira ya washairi hao ni ya haki na sababu zake ni tele. Ila wameutwika ukoloni wote juu ya beti sita, na beti sita hazina mgongo wa kubeba miaka sitini na zaidi ya utawala wa Mwingereza.

Njia ninayoipendekeza hapa ni nyembamba zaidi. Chukua kitu kimoja kinachoshikika, kifuatilie hadi kwenye karatasi yake ya kwanza, kisha uliache umbo la shairi libishane kwa niaba yako. Mfano nitakaoufuata tangu mwanzo hadi mwisho ni kipande, ile karatasi aliyolazimishwa Mwafrika kutembea nayo enzi za Mwingereza, na kitambulisho cha leo. Wewe utachagua chako.

Kwanza: wasome waliotangulia kwa jicho la fundi

Usisome ili uguswe tu. Soma ukiuliza: huyu amelifanyaje hili?

Anza na Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, aliandika karatasi ya siasa iliyoitwa *Kenya: Twendapi?* na akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. (Ukitaka kinaya, usihangaike kubuni, nchi hii inakugawia bure.) Kwa fundi, funzo kubwa ni namna anavyozungumza na mamba au na jipu badala ya kuzungumza na serikali, na namna Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kinavyobaki Kimvita bila kuomba radhi.

Kisha rudi nyuma. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, walipoiteka pwani ya Mrima mwishoni mwa miaka ya 1880, vita ambavyo Abushiri alikuwa kinara wake. Utenzi ule unataja watu, miji na mpangilio wa matukio. Ni ushahidi uliofungwa kwa vina. Na kabla yake, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alikuwa tayari anarusha mashairi ya siasa dhidi ya Seyyid Said aliyetawala kutoka Unguja. Jambo hili lina maana kwako unayeandika leo: ushairi wa Kiswahili ulijua kumkabili mtawala kabla Mwingereza hajakita bendera, na mtawala hakuwa mzungu kila mara.

Nje ya Kiswahili, msome Okot p'Bitek, ambaye *Song of Lawino* yake ilichapishwa hapa hapa Nairobi mwaka 1966. Aliitunga kwanza kwa Kiacholi. Mwanamke wa kijijini anamsuta mumewe aliyelewa uzungu, na ukoloni wote unaingia kupitia ugomvi wa nyumbani: nywele, jiko, densi, saa ya ukutani. Msome pia Dennis Brutus wa Afrika Kusini. Alipotoka kifungo cha Robben Island alikuwa amepigwa marufuku kuandika kwa ajili ya kuchapishwa, basi akatunga mashairi yake kama barua kwa shemeji yake. Marufuku ndiyo iliyompa umbo.

Zoezi ni hili. Nakili beti nne za shairi moja kwa mkono, si kwa simu. Hesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Pigia mstari vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo. Halafu tafuta ubeti ambapo shairi linageuka, pale ambapo ulidhani linaelekea kushoto likachepuka. Ukishauona mgeuko huo mara tatu katika mashairi matatu, utaanza kuudai katika lako.

Pili: chagua kitu, usichague mada

"Ukoloni" ni mada. "Ufisadi" ni mada. Kitu ni kile unachoweza kukishika, kukipiga picha, au kumwonyesha mwenzako kwa kidole kupitia dirisha la matatu.

Nairobi imejaa vitu vya aina hiyo. Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street, na leo ina sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa 2007, ilhali mwenyewe alinyongwa Kamiti mwaka 1957 na kuzikwa huko huko bila familia yake kuonyeshwa kaburi. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ilifunguliwa 1931, na kwa miongo mitatu hivi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Karibu na kituo kikuu cha polisi, tarehe 16 Machi 1922, umati uliokuwa ukidai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, aachiliwe ulipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mathare ilibomolewa wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950, na mwaka 2024, baada ya mafuriko, tingatinga likarudi kwenye nyumba za kando ya mto.

Chochote kati ya hivyo kinatosha shairi zima. Ukiona unataka kuviweka vyote, hiyo ni dalili kwamba bado hujachagua.

Mimi nachukua kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, na sahihi za waajiri wake. Karatasi ilikaa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita *mbugi*, kengele ya mbuzi. Mwajiri asipokutia sahihi ya kukuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine. Ukiondoka bila hiyo sahihi umevunja sheria. Mfumo huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Tatu: tafuta karatasi, kisha tafuta watu

Hatua hii ndiyo washairi wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha shairi na bango.

Karatasi ziko karibu kuliko unavyofikiri. Nyaraka za Taifa, lile jengo la benki ya zamani kwenye Moi Avenue linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya, lina chumba cha kusomea. Unajisajili, unalipa ada, unaagiza faili. Usiende na swali pana. Nenda na mwaka na mahali: "malalamiko ya kipande, Nairobi, miaka ya 1920". Gazeti Rasmi la Serikali, pamoja na matoleo ya tangu enzi ya ukoloni, linasomeka mtandaoni bila malipo. Humo utakuta matangazo ya ardhi na sheria katika lugha kavu kabisa. Ipende lugha hiyo kavu. Mshororo unaonukuu ubaridi wa karani huuma kuliko mshororo unaolia.

Kipande kilinipeleka Kibera. Wanubi, wajukuu wa wanajeshi Wasudani waliopigania Mwingereza katika Keya (jeshi la King's African Rifles), walipewa kuishi pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 likatengwa rasmi kwa ajili ya jeshi. Hawakupewa hati. Hatimiliki ilikuja 2017, kwa ekari 288. Na kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyefika umri wa kuchukua kitambulisho hakushughulikiwa kama kijana wa kabila jingine: alipitishwa kwanza mbele ya meza ya kamati ya kumhoji, aonyeshe karatasi za wazazi na hata za babu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika suala hili la uraia.

Hapo shairi linajitokeza lenyewe. Babu alilazimishwa kuvaa karatasi shingoni. Mjukuu akanyimwa karatasi. Serikali zimebadilika, meza imebaki.

Baada ya karatasi, watu. Ukienda kumsikiliza mzee, Kibera au Kaloleni au Pumwani, mwamkie kama mtu na si kama chanzo. Shikamoo yako isiwe ya haraka. Mweleze mapema kwamba unaandika shairi, na umwulize kama anakubali jambo lake liingie. Usimwulize "ulijisikiaje?" Mwulize kamba ilikuwa ya nini, ngozi au katani, kikebe kilifunguka upande gani, kilipopata jua la saa saba kilifanya nini kifuani. Hisia zitakuja zenyewe zikiwa zimepanda juu ya hayo. Katika daftari, tenga kurasa mbili: moja ya tarehe na tarakimu, nyingine ya kauli za watu neno kwa neno, hata kama zimechanganya lugha tatu. Majina halisi ya watu wa kawaida yabaki daftarini.

Uwe tayari ushahidi ukugeuzie shairi. Ukichimba vitambulisho Nairobi utafika Aprili 1954, Operesheni Anvil, wanajeshi walipouzingira mji na kupanga watu foleni. Wengine walipitishwa mbele ya *gakunia*, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye alitikisa kichwa tu na hatima yako ikaamuliwa. Yule ndani ya gunia alikuwa mwenzao. Kama shairi lako halina nafasi ya mtu huyo, basi bado ni hadithi ya watoto.

Nne: amua nani anasema, na anasema na nani

Una sauti chache za kuchagua. Anaweza kusema mwenye kuonewa, mwonevu, shahidi, au kitu chenyewe. Kipande kingeweza kusema: "Mimi nililala juu ya kifua cha babu yako." Inavutia, ila ina hatari ya ujanja mwingi, msomaji ataanza kushangilia ufundi wako na kumsahau babu.

Sauti ya mwonevu ni ngumu na ina malipo makubwa. Karani anayegonga muhuri, anayelalamika kwamba chai imepoa wakati foleni imefika barabarani, anaweza kumwaga uovu wote wa mfumo bila kujua. Wanaoanza huiogopa kwa sababu wanadhani watachukuliwa kuwa wanamtetea.

Kama wewe si Mnubi, usiandike "sisi Wanubi". Simama pale ulipo kweli: jirani, mpita njia, mtu aliyekuwa kwenye foleni hiyo hiyo akahudumiwa kwa dakika kumi. Nafasi hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, ndiyo yenye makali zaidi, kwa sababu inakuweka upande wa waliofaidika.

Na hapa ndipo mashairi mengi ya ukoloni huvunjika. Yanamtukana mzungu wa 1920 na kumsamehe chifu wake, karani wake, na sisi tulioirithi meza. Yanaeleza Afrika ya kabla ya hapo kana kwamba watu walikuwa wakicheza ngoma tu chini ya mibuyu. Muyaka angecheka. Urithi wa ukoloni si ukoloni. Ni kile ambacho mikono yetu inaendelea kukifanya bila kulazimishwa. Kwa hiyo katika mfano wangu waliokaa mezani ni wazee wetu, na shairi halitatamka neno "mkoloni" hata mara moja.

Tano: chagua bahari, yaani aina ya shairi, kwa sababu, si kwa mazoea

Ukiwa na kisa kirefu chenye matukio mengi, utenzi unakufaa: vipande vya mizani nane, vinne kwa ubeti, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachorudi utenzi mzima. Unakimbia, haupigi hodi.

Ukiwa na hoja au swali linalokataa kuondoka, chukua tarbia: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaorudi kila ubeti. Kibwagizo ndicho silaha ya tarbia. Kila kikirudi kinakuta msomaji amejua zaidi ya mara iliyopita.

Ukiwa na vipande vya mambo visivyotaka kuungana, andika huru. Tangu Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974 ugomvi kuhusu mashairi huru umepigwa hadi umechosha, na hapa Nairobi Kithaka wa Mberia ameonyesha yanavyoweza kubeba siasa bila kina hata kimoja. Sina dini katika jambo hili. Nina ushauri mmoja tu: andika kwanza kwa tarbia hata kama unakusudia kumalizia kwa huru, kwa sababu mizani inakulazimisha kufukuza maneno ya bure.

Sita: andika, na ushuku kila kina

Tazama mshororo huu:

*Afrika mama Afrika, watoto wako twalia*

Mizani kamili, nane kwa nane. Na hauna kitu ndani. Unaweza kuubandika kwenye shairi la ukame, la vita au la timu ya taifa kufungwa mabao.

Sasa kipande. Kauli ya kwanza inayokuja kichwani ni "Babu alivaa chuma, alichopewa na mzungu". Nusu ya pili ya mshororo ina mizani tisa, a-li-cho-pe-wa-na-m-zu-ngu, lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba inaeleza. Nani asiyejua alipewa na mzungu? Nikirudi kwenye daftari, nakuta kamba. Kamba inakata ngozi. Hivyo:

*Babu alivaa chuma, kamba ikila shingoni,*
*Ndani jina na alama, ya dole gumba winoni;*
*Akikiacha kwa mama, hulala korokoroni,*
*Mjukuu asimama, foleni angoja nini?*

Mshororo wa tatu ungeweza kuwa "Aliteseka daima, kwa dhiki na taabani". Mizani iko sawa, vina viko sawa. Lakini "daima" na "taabani" vimeitwa na vina, havikuitwa na babu. Huo ndio ugonjwa mkuu wa tarbia, na dawa yake ni kuuliza kila neno la mwisho: ungekuwa hapa kama usingefanana na mwenzako? Kusahau kikebe nyumbani na kulala ndani ni tukio. "Dhiki" ni muhtasari wa tukio, na muhtasari ni kazi ya msomaji.

Ubeti wa pili unaruka miaka hadi kwenye meza ya kamati (Makina ni mtaa wa Kibera):

*Wazee wanamsoma, wamtandaza mezani:*
*"Babuyo aliyehama, alitoka nchi gani?"*
*Kitovu kilipozama, ni Makina udongoni,*
*Mjukuu asimama, foleni angoja nini?*

Kibwagizo hakijabadilika herufi, ila swali si lile tena. Katika ubeti wa kwanza linaonekana la udadisi. Katika wa pili linamgeukia anayeuliza. Ukiandika wa tatu, weka pale gakunia, au uweke mtu aliyehudumiwa kwa dakika kumi, kisha urudishe swali lile lile uone linavyozidi kuwa zito.

Katika kuhesabu mizani, pima kwa sikio. "Mjukuu" ni nne, m-ju-ku-u, kwa sababu m ile inajitegemea. "Nchi" ni mbili. "Ndani" nayo ni mbili tu, kwani n haisimami peke yake. "Wamtandaza" ni tano. Gonga meza kwa kidole ukitamka polepole, kidole hakidanganyi. Ikikupungua mizani, una ruhusa ya kishairi ya kufupisha au kurefusha neno, mfano "babuyo" badala ya "babu yako", lakini ukiitumia kila mshororo shairi litasikika kama limeandikwa na mtu mwenye kigugumizi.

Vina vya beti zote mbili ni vile vile, -ma na -ni. Wenye kujua huliita mtiririko. Si lazima. Nimelichagua kwa sababu foleni nayo haibadiliki.

Sasa jambo hilo hilo kwa huru, ili uone tofauti:

*Foleni imepinda kona.*
*Mlinzi anahesabu vichwa kwa kalamu.*
*Mbele yangu kijana ameshika bahasha:*
*cheti cha babu, barua ya babu,*
*picha ya babu na sare ya Mwingereza.*
*Mimi nimebeba kitambulisho cha mama tu.*
*Nimetangulia kutoka.*

Tarbia inauliza, huru inatazama. Mstari wa mwisho wa huru hauwezi kukaa ndani ya mizani kumi na sita bila kuharibika, na kibwagizo cha tarbia kingekuwa kelele tupu ndani ya huru. Umbo lilioe jambo lake.

Saba: fumbo au wazi?

Abdilatif alisema na mamba kwa sababu ilimlazimu. Wewe una Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinacholinda uhuru wa kujieleza, isipokuwa uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki na propaganda ya vita. Ipo pia sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta na mitandao, iliyoweka adhabu kwa uchapishaji wa taarifa za uongo. Kwa hiyo jambo la umma lililothibitishwa liseme waziwazi na utaje mwaka. Usimtaje mtu kwa jina kwa kosa ambalo huwezi kulithibitisha, hata kama mtaa mzima unalijua. Hapo fumbo ni busara.

Ila usifumbe kwa mazoea. Simba, fisi, mbwamwitu na kupe wamechoka kutuwakilishia wanasiasa. Fumbo zuri hutoka ndani ya kitu chako chenyewe. Katika mfano wetu, "meza" tayari ni fumbo na haikuhitaji mnyama yeyote.

Nane: lipeleke kwenye sikio

Shairi la dhuluma katika nchi hii limeishi zaidi mdomoni kuliko kitabuni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wimbo wa Wakikuyu wa Mũthĩrĩgũ uliwasuta wamishonari, machifu na serikali hadi ukapigwa marufuku mwaka 1930. Wapiganaji wa Mau Mau waliimba maneno yao juu ya sauti za nyimbo za kanisani. Askari aliyepita nje angeweza kudhani ni ibada. Ujanja huo bado uko wazi kwako. Tarbia ina mahadhi yake ya pwani, lakini hakuna anayekukataza kuighani kwa sauti ya wimbo ambao ukumbi mzima unaujua.

Jirekodi kwa simu, usikilize ukiwa umefumba macho. Pale ulipojikwaa mara mbili, mshororo ndio wenye kosa, si ulimi. Vuta pumzi kwenye kina cha kati. Usipige kelele kwenye kibwagizo. Kishushe, na mara ya tatu kiache ukumbi ukimalizie. Ukumbi wa Nairobi utakimalizia, na pengine kwa Sheng. Waache.

Kuhusu Sheng yenyewe: itumie kama mzungumzaji wako anaitumia. Kijana wa Makina hangesema "la hasha" mbele ya mlinzi. Lakini usiinyunyize ili uonekane wa mtaani, kwani Sheng ya mwaka juzi inazeeka haraka kuliko Kimvita cha karne mbili.

Tisa: kuchapisha

Haya ni machache. *Taifa Leo* huchapisha mashairi ya wasomaji, na wahariri wake ni wakali wa mizani, kwa hiyo hesabu tena kabla ya kutuma. Hakimiliki ni yako tangu shairi lilipoandikwa, hata bila usajili, na inadumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Ukitaka cheti, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi. Weka tarehe kwenye rasimu zote. Ukialikwa kusoma kwenye hafla ya shirika fulani, uliza mapema kama video ni yao au yako, na upate jibu kwa maandishi.

Kabla ya kutuma popote, mrudie yule aliyekueleza habari ya kamba. Msomee shairi lote kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, hata kama itabidi ulifafanue beti kwa beti. Akikwambia kikebe hakikuwa cha duara bali cha mstatili, rekebisha. Akikwambia jambo fulani litoke, lifute, hata kama ndilo lenye kina bora. Kisha mwachie nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa.